Hii Itavutwa

Kutoka Rironi barabara ya chini huteremka ukuta wa Bonde la Ufa, hupita kanisa dogo la mawe lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, hufika Mai Mahiu, kisha hunyooka kuelekea Naivasha, Mlima Longonot ukiwa mkono wa kushoto. Malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita huku. Probox za mboga hupita huku, na matatu za Naivasha, na mikokoteni ya punda iliyojaa mitungi ya maji. Usiku pundamilia nao huvuka kutoka upande wa Kedong bila kumwomba mtu ruhusa. Mahali penye wasafiri wa namna hiyo hapakosi migongano. Na kila mgongano usioua, watu wakishamshukuru Mungu na kujipangusa vumbi, huacha swali barabarani: hili gari litafika?

Anayejibu ni fundi. Simsemi fundi anapotengeneza, ingawa huko nako kuna sifa zake. Nasema ile nusu saa kabla spana haijatoka mkobani, anapozunguka gari lililogongwa na kuamua kama litaondoka kwa magurudumu yake au litavutwa. Kazi hiyo haina risiti. Hakuna kipuri kilichobadilishwa, hakuna rangi mpya ya kuonyesha. Lakini kwa maoni yangu ndiyo kilele cha ufundi wote wa magari, na mafundi wa kando ya barabara hii wanaijua kuliko wengi wenye garaji za sakafu ya vigae.

Sheria hutangulia. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humtaka dereva asimame, ajitambulishe, na mtu akiumia apige ripoti polisi ndani ya saa 24. Askari na mkaguzi nao wana haki ya kulikagua gari lililohusika katika ajali. Fundi mwenye akili haligusi gari kabla askari hajamaliza. Akiruhusiwa, ndipo kazi yake inaanza, na inaanzia mahali ambapo mwenye gari hakutarajia.

Taa imepasuka kushoto mbele, boneti imekunjamana, kila mtu amesimama hapo akitikisa kichwa. Fundi yeye huenda nyuma, upande wa kulia. Huchuchumaa hatua kadhaa kutoka kwenye gari na kulitazama ubavu wake kwa jicho moja, kama mpiga randa anavyokagua ubao. Anataka kujua nguvu iliingia wapi na ikaishia wapi. Pigo la mbele halikai mbele. Husafiri kwenye chuma hadi lipate pa kutulia, na huenda likatulia kwenye nguzo ya mlango wa abiria. Kwa hiyo hufungua na kufunga milango yote minne. Mlango uliofungika vizuri asubuhi na sasa unakwaruza juu umekwisha kumwambia kwamba kiunzi kimesogea, hata kama rangi ya upande huo ingali inameta.

Magari ya leo ni wajanja wa kuficha. Bampa la plastiki hupigwa, hubonyea, kisha hurudi lilivyokuwa. Nyuma yake kuna boriti ya chuma iliyopinda, na nyuma ya boriti kuna pembe mbili za kiunzi zilizojikunja. Kujikunja huko ni kwa makusudi. Béla Barényi, mhandisi wa Mercedes-Benz, ndiye aliyelipigania wazo kwamba ncha za gari zife ili chumba cha watu kipone, na mwaka 1959 likatoka kiwandani gari lililoundwa hivyo. Kabla ya hapo watu walisifu gari lisilobonyea. Wazee wa Nakuru bado wanazisifu Land Rover za kale kwa sababu hiyo, wakisahau kwamba chuma kisipobonyea, pigo humwishia dereva kifuani. Lakini pembe iliyojikunja mara moja haijikunji tena vilevile. Gari linaweza kuwaka, likatembea, likapiga honi, na bado likawa limeshatumia kinga yake yote kwenye pigo la leo.

Ndiyo maana sura hudanganya pande zote mbili. Nimeona gari lililochanika vibaya ubavuni, milango miwili haifunguki, na fundi akasema liende polepole hadi Naivasha. Nimeona pia jingine lenye mkwaruzo tu kwenye rimu likikatazwa kusogea hata mita kumi.

Hilo la pili lilikatazwa kwa sababu ya gurudumu. Fundi hupima nafasi kati ya tairi na ukingo wa bodi kwa vidole: vinne upande huu, viwili upande ule, basi kuna mkono uliopinda chini. Hupima kwa kamba kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto kisha kulia, na urefu lazima ukaribiane. Huunyoosha usukani na kuangalia kama magurudumu nayo yamenyooka. Hulitingisha gurudumu likiwa kwenye jeki, juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini humpeleka kwenye boli jointi au beringi, wa kushoto na kulia humpeleka kwenye taya rodi. Ndani ya tairi, upande usioonekana ukisimama, hupapasa kutafuta uvimbe. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika na mpira peke yake ndio unaozuia upepo. Tairi hilo litavumilia mwendo wa mjini. Kwenye kasi, jua la Mai Mahiu likiwa juu yake, litapasuka.

Hapo ndipo mahali panapoingia katika hukumu. Fundi wa Longonot haulizi tu gari lina nini, huuliza pia linaelekea wapi. Anayekwenda Nairobi ana ukuta wa kupanda, na rejeta iliyosukumwa nyuma kidogo, feni ikiwa inagusa au bomba likivuja tone kwa tone, itamfikisha katikati ya mlima na kumwacha hapo injini ikichemka, malori yakimpiga honi nyuma. Anayetoka huko juu akiteremka ana shida nyingine, nayo ni breki. Fundi humwambia dereva akanyage pedali na asiiachie, injini ikiwa inanguruma. Wote wawili husubiri bila kuzungumza. Pedali ikibaki juu, vizuri. Ikizama taratibu kuelekea sakafuni, kuna mahali oili ya breki inatoka, na mazungumzo yameisha.

Majimaji yaliyo chini ya gari huyasoma kwa rangi, kwa kidole na kwa pua. Kijani au waridi ni ya rejeta. Mekundu huenda yakawa ya giaboksi. Meusi ni ya injini. Yale yasiyo na rangi wala harufu ni ya eya-kondishena, na wengi wameogopeshwa nayo bure. Harufu ya petroli haihitaji rangi: watu wasogee, sigara izimwe, waya wa betri uchomolewe. Na kama gari ni haibridi, kama ilivyo kwa magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japani siku hizi, nyaya za rangi ya chungwa haziguswi na mtu asiyefunzwa. Fundi mzuri hujua kazi isiyo yake.

Kuhusu breki barabara hizi hazina mzaha. Desemba 2016 lori lililobeba kemikali ya kushika moto lilipoteza mwelekeo pale Karai, karibu na Naivasha, likagonga magari mengine na kulipuka. Watu zaidi ya 30 walikufa. Salgaa, ng'ambo ya Nakuru, ilipata jina baya kwa malori yaliyoteremka bila gia ili kuokoa mafuta. Fundi aliyekulia kandokando ya miteremko hii hahitaji kuelezwa thamani ya sentimita mbili za pedali.

Kuna sehemu ya ukaguzi ambayo wengi huiruka, na hapa naona ndipo fundi halisi hutengana na mbabaishaji. Ni mikanda ya usalama. Baada ya mgongano huivuta yote hadi mwisho, hata ya nyuma, akitafuta utepe uliojikunja mawimbi, nyuzi zilizotoka, au alama ya kuungua pale mkanda unapopita kwenye kitanzi. Mkanda uliombeba mtu mara moja umevutika na hautambeba tena vizuri. Mingine ina baruti ndogo ya kuikaza wakati wa pigo. Ikishalipuka, mkanda hukwama au kifungio hushuka chini. Kisha hugeuza ufunguo na kuitazama taa ya eyabegi kwenye dashibodi. Iwake, halafu izime. Isipozima, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, pengine kuna mtu aliyewahi kuificha ili auze gari, na eyabegi yenyewe huenda haimo. Magari mengine yalifika Mombasa yakiwa yameshagongwa Japani, na karatasi zao za mnada huko zilikuwa na alama ya R. Boliti za boneti zilizobanduka rangi humwonyesha fundi habari hiyo hata karatasi isipofika.

Mikanda ina historia ndefu hapa kuliko tunavyodhani. Mwaka 1959 Volvo ilitoa mkanda wa ncha tatu, kazi ya mhandisi wake Nils Bohlin, na PV544 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuja nao. Ni PV544 hiyo hiyo ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda nayo Safari Rally mwaka 1965, tena moja ambayo timu ya Volvo ilikuwa imeshaitumia mashindanoni. Joginder, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Aliwahi kuwa mtu wa doria wa chama cha wenye magari, akiwahudumia walioharibikiwa njiani. Najaribiwa kuamini kwamba ushindi wake ulitoka katika miaka hiyo ya kuinama juu ya magari ya wenyewe kuliko katika mguu wake wa kukanyagia mafuta. Kwa abiria wa matatu, mkanda ulingoja hadi kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004.

Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, ilikuja kukaa Naivasha, na mojawapo ya hatua zake, Kedong, hupita chini ya Longonot kwenye vumbi la volkeno linalomeza magurudumu. Huko gari linaweza kubingirika Ijumaa na kurudi mbioni Jumamosi, jambo linalowadanganya vijana wa mitaani kwamba kila gari huvumilia. Hawaoni kilichotokea kati ya siku hizo mbili: wakaguzi waliopapasa ngome ya mabomba iliyomzunguka dereva, tayari kulizuia gari kama ngome imepinda, hata mwenye nalo awe bingwa wa dunia. Mwaka huo huo dereva Thierry Neuville aliianza Jumapili akiongoza, shokomzoba la nyuma likavunjika kwenye hatua ya Loldia, na ushindi ukamwendea Sébastien Ogier. Neuville alikuwa na kiwanda kizima nyuma yake, na kipande kimoja kilikataa.

Fundi wa Longonot hana wakaguzi wala koti la shirikisho. Ana bosi aliyesimama juu ya kichwa chake akiangalia saa. Maziwa yanachacha, maua yanangojwa uwanja wa ndege, kuna matanga Nyahururu kesho asubuhi. "Fundi, niambie tu itafika." Na kuna pesa za kufunga bampa kwa waya, kugongagonga boneti ishikane, na kumwacha mtu aende. Brekidauni ikija, pesa ni za mwenye brekidauni. Kwa hiyo kila anaposema "Bosi, hii itavutwa," fundi huyo amejinyima kazi ya mchana ule, na mara nyingi ametukanwa juu yake.

Aliye bora kati yao ana jambo jingine ambalo nalistahi zaidi: asipoona vizuri, hukataa. Sehemu imefunikwa, gari liko chini sana, jua limekwisha, hana jeki ya pili. Hamalizi kwa kubahatisha. Kutojua kwake kunahesabiwa pamoja na hapana.

Akiridhika, hupanda mwenyewe. Haendi mbali. Huliendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, hufunga breki, huongeza kidogo, hufunga tena, halafu kwenye kipande kilichonyooka huulegeza usukani vidole vikiwa karibu aone gari linapenda upande gani. Madirisha yote yako wazi ili asikie chini. Hurudi, hushuka, na kabla ya kusema neno huzunguka akiweka kiganja karibu na kila rimu, moja baada ya nyingine. Moja ikiwa na joto kupita nyenzake, breki yake inakwama, na ufunguo unabaki mfukoni mwake hadi atakapojua kwa nini.