Maandishi Yaliyofichwa Mbele ya Macho: Kukisoma Kiswahili cha Michezo ya Video Kutokea Kampala

Mchezaji wa michezo ya video anayekutana na herufi za kale za Kihungari kwenye ukuta wa ngome ya kubuni huwa na pa kuanzia. Herufi hizo, ziitwazo rovás, zina jedwali lake. Tangu 2015 zimo katika Unicode, mfumo wa kimataifa wa kusimba herufi za kompyuta. Inajulikana pia kwamba kwa kawaida zilisomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na kwamba mwandishi aliweza kuziacha baadhi ya irabu. Kinachobaki ni subira tu. Makala haya yanahoji kwa nini uhakiki wetu haujakipa Kiswahili subira ya namna hiyo, ilhali nacho kimefichwa katika michezo iliyouzwa duniani kote. Tunadai kwamba ufunguo wa usomaji huo tunao sisi Waafrika Mashariki, na kwamba kutoutumia kuna gharama yake, hasa hapa Uganda.

Tuanze na Mombasa. Tangu *Halo 2* (2004), kampuni ya Bungie iliuweka mji wa New Mombasa katikati ya vita vya karne ya 26. *Halo 3* (2007) ikaongeza Voi na barabara ya Tsavo, na *Halo 3: ODST* (2009) ikatokea karibu yote ndani ya mji huo. Msomaji wa pwani anayatambua mara moja majina ya Kizingo na Kikowani, kwa kuwa ni mitaa halisi ya Mombasa. Sura ya kwanza ya masimulizi ya nyuma imepewa uwanja uitwao Tayari. Kwa mchezaji asiyejua Kiswahili hizi ni sauti za kigeni zinazopamba ramani. Kwa anayejua, mchezo unamwambia mwanzoni kabisa kwamba mambo yako tayari, kisha unamwonyesha mji ambao haukuwa tayari kwa lolote.

Kiini cha fumbo la *ODST* ni vipande 30 vya sauti vilivyotawanywa mjini. Mchezaji anayevikusanya husikia kisa cha Sadie Endesha, msichana anayemtafuta baba yake, Dakta Daniel Endesha, wakati mji unashambuliwa. Baba huyo ndiye mhandisi wa akili unde inayouendesha mji, na ndani yake aliunda sehemu iitwayo Vergil ili imlinde bintiye. Jina Vergil lilishughulikiwa mapema: wachambuzi waliona humo mshairi anayemwongoza Dante kuzimu, wakaanza kuhesabu tabaka tisa. Jina la ukoo, hata hivyo, liko wazi kwa mwanafunzi yeyote wa darasa la kwanza la Kiswahili. *Endesha* ni kitenzi cha usababishi kutokana na *enda*. Aliyeunda kinachouendesha mji anaitwa Endesha.

Je, ni ufundi au ni kamusi iliyofunguliwa ovyo? Kama jina la mtu, halikubaliki. Mombasa haiwapi watu majina ya ukoo ya vitenzi vya amri. Mtu huitwa kwa jina lake na la baba yake, au kwa nasaba kama Mazrui. Kama ishara, jina limekaa barabara kuliko Vergil, kwa sababu linataja kazi yenyewe bila kuazima mamlaka ya Italia. Halituhitaji kujua waandishi walikusudia nini. Linahitaji tu msomaji ambaye kwake neno lina maana kabla ya kuwa mapambo, na msomaji huyo, tukubali, hajawa na jukwaa.

Mwaka uleule wa 2009 Capcom ilitoa *Resident Evil 5*, na hapo suala linakuwa zito zaidi. Mchezo umewekwa Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi, lakini watu wake walioambukizwa vimelea wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mjadala mkubwa uliozuka ulihusu picha na ubaguzi wa rangi, na ulikuwa wa haki. Maneno hayakupewa uzito kama huo. Jina Kijuju limeungwa kwa kiambishi cha Kibantu na neno *juju* linalohusishwa na Afrika Magharibi. Ni bara zima limebanwa katika silabi tatu. *Majini* nayo imetafsiriwa kuwa pepo wabaya, ilhali katika imani za pwani kuna majini wema na waovu, wenye dini na wasio na dini, na mganga hujadiliana nao kabla ya kuwafukuza.

Kinachotuhusu zaidi Kampala ni sauti. Hapa Kiswahili kimebeba kwa muda mrefu kumbukumbu ya kambi za jeshi, tangu enzi za King's African Rifles. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kumbukumbu hiyo ilizidi kukaza. Wako wazee wa Buganda ambao Kiswahili kwao bado ni lugha ya kizuizi cha barabarani. Mchezo unaomfanya kijana wa Ntinda asikie Kiswahili kikitoka tu vinywani mwa umati unaotaka kumuua hauleti hofu mpya. Unaifufua ya nyumbani na kuipa picha safi. Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sera hiyo haishindani na Kiingereza au Kiganda peke yake. Inashindana pia na masikio yaliyokwisha kufundishwa.

Upole nao una upofu wake. Wimbo *Baba Yetu* wa Christopher Tin, uliofungua *Civilization IV* (2005) kwa sauti za Stanford Talisman, ulipata Grammy mwaka 2011, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video. Ni wimbo mzuri. Lakini ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili katika mchezo ambao Waswahili hawamo kati ya staarabu zake. Mwaka 2018 *Civilization VI* iliingiza Kilwa Kisiwani kama jengo la ajabu ambalo taifa lolote linaweza kulijenga. Lugha imekaribishwa, mji umekaribishwa, wenyeji bado.

Ufunguo wetu wenyewe, hata hivyo, umeanza kupata kutu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya hati za Kirumi. Katika kasri ya Buganda, Kabaka Mutesa I, aliyezikwa Kasubi, alijifunza herufi hizo kutoka kwa wageni wa pwani. Zina ugumu unaofanana na ule wa rovás. Katika uandishi wa zamani *i* na *e* zilitumia alama moja, herufi ya *b* ilisimamia pia *p* na *mb*, na nazali kabla ya *d* mara nyingi haikuandikwa. Jina Endesha likiandikwa hivyo huwa alifu, dali na shini, na jicho tupu laweza kusoma *idisha*, *edesha* au *indisha*. Anayechagua sawasawa ni anayekijua Kiswahili. Jedwali peke yake halimfikishi.

Kwa washauri wa sera, pendekezo letu ni dogo na lina bei inayoweza kukadiriwa. Mitaala mipya ya Uganda iweke usomaji wa hati za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu katika mafunzo ya walimu, badala ya kuuachia idara za historia. Maandishi na sauti za michezo ya video zihesabiwe kuwa matini za Kiswahili, zikusanywe na kuhakikiwa kama tunavyofanya kwa riwaya. Na kampuni inapotafuta mshauri wa lugha, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar iwe na orodha ya majina ya kumpa, ikiwemo ya wasomaji kutoka Kampala.