Divai ya volkano kwenye kinywa cha Goma

Leo tuachie siasa kidogo, niko na maneno juu ya chupa. Jina lake Etna Bianco, divai nyeupe kavu ya Sicilia, kule Italia. Tumefungua chupa tatu kwa miezi mitano hivi, pole pole, tukichangishana watu wanne juu bei yake si ya kuchekesha kwa mtu anayetafuta kazi. Sasa naona naweza kuisema bila kurudilia maneno ya kwenye lebo.

Tuanze na hili neno "kavu", maana ndilo linalofukuza watu. Ukimpa mtu glasi ya kwanza anakwambia: hii si vin, ni siki! Namuelewa. Divai tuliyozoea kwenye ndoa ni ile nyekundu yenye sukari, na wengine bado wanaongeza Coca ndani. Lakini kavu haina maana kwamba kuna kitu kimepunguka. Chachu imekula sukari ya zabibu karibu yote, ikaigeuza alkoholi, basi. Wapishi wa kasiksi wanalijua hilo zamani: ya leo ni tamu, ikilala siku mbili tatu utamu unaondoka, ukali unaingia. Mzee anayetaka kasiksi iliyokomaa, huyo tayari ni mnywaji wa kavu.

Kwa nini Etna? Juu ya mawe, kwa kweli. Lava ya Etna ilifika Catania mwaka 1669, na mwaka 1928 ikafunika mji wa Mascali. Mtu wa Goma hahitaji maelezo hapo. Tarehe 17 Januari 2002 yetu ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na tarehe 22 Mei 2021 ikasimama pale Buhene. Sisi tunayajengea mawe hayo. Wao pia wanajenga, lakini wanapanda na mizabibu. Zabibu yenyewe inaitwa Carricante, na kwa sheria lazima iwe angalau asilimia 60 ya Etna Bianco.

Sasa wauzaji wanasema divai hii ina "ladha ya volkano". Hapo nakataa kabisa. Mimi nimekulia juu ya mawe haya, nimeyabeba, nimekula vumbi lake kila kiangazi. Kwenye glasi siyaoni. Mizizi hainyonyi ladha ya jiwe na kuipeleka kwenye zabibu. Kinachofanya kazi ni mlima wenyewe: mashamba mengine yanapanda karibu mita 1,000, usiku ni baridi, zabibu inaiva taratibu na uchachu wake haupotei. Tena ule mdudu wa filoksera, uliomaliza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, unapata shida kwenye mchanga wa volkano, njo maana huko kuna mizabibu mizee sana. Kwangu habari hiyo inapita hadithi ya jiwe kwenye glasi.

Na ladha? Ndimu, tofaa bichi, harufu kidogo ya anisi, mwishoni kitu kama chumvi. Uchachu unashika pembeni mwa ulimi, mate yanatoka yenyewe. Ukiinywa peke yake ni ngumu. Ilete na sambaza za kukaanga, bado za moto, utaona inavyosafisha mafuta kinywani. Na fromage ya Masisi sijashawishika. Naona fromage inaimeza. Msiigandishe pia: ikitoka kwenye friji kali inabaki maji ya ndimu tu. Chupa ya pili ilikuwa imechoka, rangi nzito, harufu ya tofaa lililolala. Nadhani ilipigwa na joto njiani. Wenzangu wawili waliisifu kuliko zote, kwa sababu ukali ulikuwa umepungua!

Hapo njo penye shida yangu. Arabika yetu ya Kivu inakua kwenye udongo wa volkano vilevile, na wanunuzi wa nje wanaitafuta juu ya uchachu wake safi. Kumekuwa na Saveur du Kivu, mashindano ya kuonja kahawa yetu, na uchachu ulipewa alama zake. Nyumbani je? Nescafé, sukari vijiko vinne. Mtoto wa mkulima amemaliza licence, lakini hajui kutofautisha uchachu wa kahawa nzuri na uchachu wa kahawa iliyooza kwenye gunia. Mnunuzi akimwambia "hii ni chachu, nakukata bei", atajibu kwa kinywa gani?

Chupa ya nne tunatafuta ya mwaka wa karibuni. Safari hii tutaweka pembeni kahawa ya Kirotshe, bila sukari, tuonje kimoja baada ya kingine. Sambaza nitaleta mimi.