Nani Anamrithisha Nani?

Likizo hii, nikiwa nyumbani Njombe, nimesoma riwaya mbili: *Kichwamaji* (1974) ya E. Kezilahabi na *Mirathi ya Hatari* (1977) ya C.G. Mung'ong'o. Darasani tumezoea kuzitenga. Ya Kezilahabi tunaiita ya kifalsafa; ya Mung'ong'o, eti, ni ya uchawi tu. Kwa maoni yangu mgawanyo huo unatupotosha.

Hebu tutazame dhamira ya urithi. Katika *Mirathi ya Hatari* kijana aliyesoma anarithishwa uchawi na baba yake. Hatari inatoka kwa mzee, inamwendea msomi. Kezilahabi anaigeuza njia hiyo. Kazimoto, mwanafunzi wa Chuo Kikuu, anarudi kijijini na usomi wake, lakini anachomwachia mwanawe ni maradhi: mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa mno. Hapo mchawi hahitajiki. Msomi mwenyewe anatosha.

Ndugu msomaji, jambo hili linatuhusu. Sisi tunaoshuka Makambako na kutafuta gari la Njombe tunapokewa kijijini kama watu walioleta mwanga. Wazee wakitaja uchawi, tunacheka. Mung'ong'o anatuuliza kama tunaweza kukataa tunachokabidhiwa. Kezilahabi anatuuliza sisi wenyewe tunakabidhi nini. Swali la pili ndilo zito zaidi, na udhaifu wa *Kichwamaji* uko hapo hapo: Kazimoto anajiua bila kulijibu, na kijiji kinabaki na hasara yake.

Wenzangu wanaoona vingine, waandike tubishane.