Mnara na Wapanda Farasi Wawili: Ishara za Kiroho katika Wimbo Mmoja wa Bob Dylan

Mhakiki anayekabiliwa na maneno ya wimbo wa roki hujiwa na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuyapuuza, kwa hoja kwamba yametungwa kwa ajili ya magita na miguu ya vijana, wala hayakukusudiwa kusomwa. Kishawishi hiki kimepungua nguvu, hasa tangu Bob Dylan alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016. Cha pili ni kibaya zaidi, kwa kuwa hujivika joho la usomi. Ni kuchukua kila mti, kila mnyama na kila mtu anayetajwa katika wimbo na kumbandika jambo fulani la kiroho au la kifalsafa, mpaka utungo mzima ugeuke kuwa orodha: huyu ni Kristo, yule ni mauti, kile ni Marekani. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kuuchunguza wimbo mmoja, kwamba ishara katika utungo wa aina hii haikai katika jina mojamoja bali katika mpangilio wa tukio. Na anayekosa kuuona mpangilio huo hataokolewa na wingi wa maarifa yake ya dini.

Wimbo wenyewe ni All Along the Watchtower, uliomo katika santuri iitwayo John Wesley Harding, iliyorekodiwa Nashville na kutolewa Desemba 1967. Dylan, aliyezaliwa mwaka 1941 katika familia ya Kiyahudi jimboni Minnesota, alikuwa ameacha ziara za maonyesho tangu alipopata ajali ya pikipiki Julai 1966, na alikuwa akiishi Woodstock katika jimbo la New York. Mama yake alisimulia baadaye kwamba katika nyumba ile Biblia kubwa ilikuwa imewekwa wazi juu ya kiweko, naye mwanawe alikuwa akiiendea mara kwa mara. Habari hii yafaa kukumbukwa, ingawa santuri yenyewe ingetosha kuwa shahidi, kwa jinsi ilivyosheheni lugha ya manabii.

Utungo ni mfupi: beti tatu, mishororo 12 kwa jumla, bila kibwagizo. Ubeti wa kwanza ni malalamiko ya mfanya mzaha mbele ya mwizi. Anatafuta njia ya kutoka mahali alipo, mkanganyo umemzidi, wafanyabiashara wanakunywa divai yake, wakulima wanachimba ardhi yake, na hakuna hata mmoja wao anayejua thamani ya vitu hivyo. Ubeti wa pili ni jibu la mwizi, anayemtuliza mwenziwe na kumkumbusha kwamba saa zimekwenda, hivyo haifai tena kusemezana kwa uongo. Ubeti wa tatu unayaacha mazungumzo ghafla. Sasa kuna mnara, wakuu wanaotazama, wanawake wanaoingia na kutoka, watumishi wasio na viatu. Nje, kwa mbali, paka-mwitu ananguruma, watu wawili wanakaribia juu ya farasi, na upepo unaanza kuvuma. Hapo wimbo unakwisha. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ubeti wa nne umepotea.

Ubeti huo haukupotea. Umo katika kitabu cha Isaya, sura ya 21. Katika sura hiyo meza inaandaliwa, watu wanakula na kunywa, wakuu wanaambiwa wainuke wakazipake ngao mafuta. Mlinzi anawekwa na kuagizwa atangaze kila aonacho. Anaona wapanda farasi wakija wawili. Na mwishowe inatolewa habari ambayo maono yote yalikuwa yakiingoja, kwamba Babeli umeanguka na sanamu za miungu yake zimevunjika. Dylan amechukua mnara, wakuu na wapanda farasi, akaiacha habari. Uzito wa wimbo umo katika kuacha huko.

Hata paka-mwitu ana asili yake humo. Katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, aya ya 8 inamtaja simba mahali ambapo mlinzi anapaza sauti yake. Neno hilo linatokana na matini ya Kiebrania iliyopokewa kwa jadi. Lakini gombo la Isaya lililopatikana Qumran mwaka 1947 lina neno jingine, lenye herufi zinazokaribiana na hilo, ambalo maana yake ni "mwonaji", na tafsiri kadhaa za baadaye zimelifuata. Msomaji wa tafsiri hizo hakutani na mnyama yeyote katika aya hiyo. Yaelekea basi kwamba Dylan aliisoma ile ya kale, akamkuta simba, akampunguza kimo awe paka-mwitu wa misitu ya Marekani. Mhakiki anayekimbilia kuuliza mnyama huyu anawakilisha nini, kama ni shetani au ghadhabu au Warusi, ameruka hatua. Mnyama yuko pale, kwanza, kwa sababu mlinzi wa Isaya yuko pale.

Mwaka 1968, katika mahojiano na jarida la Sing Out!, Dylan alidokeza kwamba mzunguko wa matukio katika wimbo huu unakwenda kinyume cha utaratibu wa kawaida. Wahakiki wengi wamelinukuu dokezo hilo bila kulitumia. Likitumiwa, ubeti wa tatu unakuwa ndio mwanzo wa kisa: kuna mnara, na watu wawili wanakuja. Kisha msikilizaji anapelekwa karibu nao njiani na kuyasikia wanayozungumza. Ni mfanya mzaha na mwizi. Wimbo hautamki kwamba ndio hao, lakini hauna wawili wengine.

Hapo maana ya mnara inapinduka. Katika Isaya, wakuu walio mezani ni kundi moja, na wafasiri wengi huwaona kuwa ni wakuu wa Babeli. Mlinzi ni mtu mwingine kabisa, ambaye macho yake ni macho ya nabii. Dylan amewatoa wakuu mezani na kuwapandisha mahali pa mlinzi. Mnarani mwake hamna nabii. Wamo watu wanaotumikiwa na wasio na viatu, wenye macho na wasio na habari, na wasichokijua ndicho alichokisikia msikilizaji katika beti mbili za kwanza: kwamba wanaokuja wameporwa, na wamekubaliana kwamba muda umekwisha. Wakuu wanaulinda mji ambao kuanguka kwake kumekwisha andikwa. Hakuna haja ya kuutaja Babeli kwa jina, na kwa kweli kuutaja kungeuharibu wimbo. Linganisha na reggae ya Jamaika, ambamo Babeli hutajwa bila kusita, tangu Melodians walipoigeuza Zaburi ya 137 kuwa wimbo mwaka 1970 hadi Babylon System ya Bob Marley ya mwaka 1979. Kwa Rastafari jina hilo ni ishara iliyokwisha kukubaliwa na jamii nzima, na nguvu yake inatokana na makubaliano hayo. Dylan hakuwa na jamii ya namna hiyo ya kumsikiliza. Ilimbidi aijenge ishara ndani ya wimbo wenyewe.

Mazungumzo ya wasafiri hawa yanastahili kuangaliwa kwa makini kuliko yalivyoangaliwa. Anayelalamika kwamba ameibiwa anampelekea malalamiko yake mwizi. Waliomwibia si wezi, ni watu wenye kazi za heshima. Anayedai kwamba maneno ya uongo yakome ni yule ambaye kazi yake ni hila. Na anayeshindwa kuuona ulimwengu kama kichekesho ni yule anayeishi kwa kuchekesha. Kila mmoja amevuliwa wasifu wa kazi yake, na sifa iliyobaki ni ya utu tu. Katika hali hiyo ndipo mwizi anapotaja, ili aikatae, ile rai ya wengi walio miongoni mwao kwamba maisha ni mzaha mtupu. Mara nyingi maneno haya yamehusishwa na falsafa ya udhanaishi, na hasa na Albert Camus, ambaye katika insha yake ya mwaka 1942 juu ya Sisifo aliuona ulimwengu kuwa hauna jibu la kumpa mwanadamu. Uhusiano huo unakubalika iwapo tu itakumbukwa kwamba mwizi anaizungumzia rai hiyo kama mji walioupita zamani. Hajengi hoja dhidi yake, wala hataji Mungu. Anasema tu kwamba hayo si majaliwa yao, na kwamba usiku unaingia. Kwa hiyo imani iliyomo katika wimbo huu, kama ni imani, inajulikana kwa mwendo wake: wanaoamini wako njiani, na wasioamini wamesimama wakitazama.

Ufasiri mmoja wa kidini una mvuto wa pekee. Katika Injili ya Luka, sura ya 23, wahalifu wawili wanasulubiwa pamoja na Yesu. Mmoja anadhihaki, na mwingine anamkemea na kumkumbusha kwamba wako chini ya hukumu moja. Mwenye dhihaka na mwizi, mazungumzo yao, na saa inayokwisha: vyote vimo. Wengine wameongeza kwamba mfanya mzaha ni Kristo mwenyewe, aliyevikwa joho na kuchekwa na askari, ambaye divai ni yake na ardhi ni yake. Ufasiri huu haupaswi kutupwa, kwani maneno yanauruhusu. Lakini unaishia kwenye ubeti wa pili. Mnara hauna kazi Golgotha, wala wapanda farasi hawana wanakokwenda. Ufasiri unaoacha nje theluthi moja ya utungo, tena theluthi ile iliyoupa jina lake, ni ufafanuzi wa kando. Kuutetea kwa kusema kwamba Dylan alitoa santuri za Kikristo baadaye, kuanzia Slow Train Coming ya mwaka 1979, ni kuifanya dini ya mtu wa miaka 38 iwe ushahidi wa utungo wa mtu wa miaka 26.

Upo pia ule ufasiri wa kisiasa, kwamba mnara ni Washington na upepo ni vita vya Vietnam, ambako mwishoni mwa 1967 Marekani ilikuwa na askari karibu nusu milioni. Bila shaka wasikilizaji wa wakati ule waliusikia hivyo, na hawakukosea. Walikosea pale tu walipodai kwamba hakuna kingine.

Kosa hilo lina asili ambayo msomaji wa ushairi wa Kiswahili anapaswa kuitambua upesi. Fumbo la Muyaka lilikuwa na ufunguo. Mmombasa aliyelisikia alimjua anayesemwa, au alijua kwamba yuko anayesemwa, na kulifumbua kulikuwa ni kumpata huyo. Hiyo ni sanaa kamili yenye kanuni zake. Lakini si kila usemi wenye maana iliyojificha ni fumbo, na anayelazimisha ufunguo mahali pasipo kufuli hufanya mambo ya ajabu. Mpenzi mmoja wa Dylan alifikia kupekua mapipa ya taka nje ya nyumba ya mtunzi huyo mjini New York ili apate siri za nyimbo zake, akaishia kuandika kamusi nzima inayolipa kila neno maana yake ya chini kwa chini. Hilo ni la kuchekesha. La Charles Manson halichekeshi. Yeye aliisikiliza santuri ya Beatles ya mwaka 1968, ile yenye jalada jeupe, akaioanisha na sura ya 9 ya Ufunuo wa Yohana, akawahubiria wafuasi wake kwamba ndani yake mmefichwa agizo kuhusu vita vya weusi na weupe. Na Agosti 1969 watu saba waliuawa huko Los Angeles katika siku mbili. Manson hakuwa msomaji mvivu. Alisoma kwa bidii, aya kwa aya, mshororo kwa mshororo, kwa ile ile njia ya kubandika majina ambayo bado inafundishwa katika vyumba vya mihadhara kama uchambuzi wa ishara.

Maneno ya wimbo hayapo pekee, na hapa wasomi wa fasihi huwa wepesi wa kusahau. Katika santuri ya Dylan ala ni chache: gita, kinanda cha mdomo, besi na ngoma. Gita linapita katika mafungu matatu ya sauti, likishuka na kupanda, na halibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho wa dakika mbili na nusu. Muziki usio na kibwagizo na usio na mahali pa kutua unasema jambo lile lile linalosemwa na mpangilio wa beti. Jimi Hendrix alianza kuurekodi wimbo huo London mnamo Januari 1968, wiki chache tu baada ya santuri ya kwanza kutoka, akautoa baadaye mwaka huo kwa muda wa dakika nne. Hakuongeza neno lenye uzito. Aliongeza gita la umeme katikati ya beti na baada ya ubeti wa mwisho, na kwa kufanya hivyo alipajaza mahali ambapo Dylan alikuwa amepaacha wazi: baada ya upepo kutajwa, upepo unasikika, na wapanda farasi wanafika. Ni ufasiri wa wimbo uliofanywa kwa ala, na ni vigumu kuutaja wa maandishi unaouzidi.

Dylan mwenyewe alikiri ubora wake. Tangu alipoanza kuuimba jukwaani, Januari 1974 mjini Chicago, namna yake imekuwa karibu zaidi na ya Hendrix kuliko na yake ya kwanza, na hakuna wimbo wake mwingine alioutumbuiza mara nyingi zaidi. Hata hivyo, katika maonyesho mengi ya miaka ya baadaye hakuuacha uishie kwenye upepo. Aliurudia ubeti wa kwanza, na wasikilizaji wakatoka ukumbini wakiwa wamewaacha wawili wale wangali njiani, mmoja akiuliza pa kutokea.