Fani ya Beki

Watu waendao kutazama mpira aghalabu huenda kwa ajili ya mfungaji, na wakirudi barazani ndiye wamsifuye. Ama beki, jina lake hutajwa siku aliyokosea. Dhulma hii ni ya zamani, wala sitaraji kuiondoa. Walakini ukitafuta hoja ya kuijibu, yatosha kazi ya Paolo Maldini wa Milan, aliyeingizwa uwanjani na mwalimu Nils Liedholm tarehe 20 Januari 1985, kijana wa miaka 16, asiondoke katika klabu ile hata mwaka 2009, baada ya mechi 902, akiwa chini ya mwalimu Carlo Ancelotti ambaye zamani walicheza pamoja.

Umahiri wake ulikuwa katika kusimama. Winga akimjia, hakumrukia. Alijiweka upande, hatua moja mbali naye, akamwachia njia ya kwendea kwenye chaki, na macho yake hayakufuata madaha ya miguu bali mpira wenyewe, hata ulipomponyoka winga kidogo tu, ndipo mguu ulipotoka ukauchukua, pasi na vumbi wala filimbi. Naye alikuwa mtu wa mguu wa kulia aliyewekwa kushoto, hivyo winga aliyekata kuingia ndani aliukuta mguu wenye nguvu ukimngoja. Beki wa kujitupa chini hupigiwa makofi, nami naungama kwamba hupendeza macho. Lakini mara nyingi hujitupa kwa kuwa alichelewa kufika.

Arrigo Sacchi, aliyeanza kuifunza Milan mwaka 1987, aliwazoeza Tassotti, Baresi, Costacurta na Maldini kupanda na kushuka kwa pamoja, mshambuliaji akajikuta ameotea. Na mmoja akichelewa hatua moja, mtego wote umefumuka. Msimu wa 1993–94, chini ya mwalimu Capello, Milan ilifungwa mabao 15 tu katika mechi 34 za ligi. Katika fainali ya Ulaya huko Athens, Baresi na Costacurta wakiwa wamefungiwa, Maldini alihamia katikati, na Barcelona ya Romário na Stoichkov haikupata hata bao moja, ikala manne.

Si kwamba bahati ilimfuata daima. Taifa lake alilichezea mechi 126 asipate kombe, na katika fainali ya Ulaya huko Istanbul mwaka 2005 alifunga bao katika dakika ya kwanza, sifa ile ile wapewayo washambuliaji, na bado Liverpool wakaondoka na kombe kwa penalti. Alikuwa amekwisha kulinyanyua Manchester mwaka 2003 akiwa nahodha, miaka 40 baada ya babake, Cesare, kulinyanyua Wembley.

Alipostaafu, klabu iliiweka kando jezi nambari 3, isivaliwe ila na wanawe. Mmoja wao, Daniel, alifika timu ya kwanza mwaka 2020. Walakini hakuivaa, naye ni mshambuliaji.