Matone Yasiyotakiwa Kukutana

Mwezi Januari 1998, kisima kimoja cha mafuta cha Wytch Farm, katika jimbo la Dorset kusini mwa Uingereza, kilivuka kilomita 10 za kwenda upande. Kwenda chini kilikuwa kimefika kama mita 1,600 tu. Hapo awali kampuni ya BP ilikusudia kujenga kisiwa cha bandia katika Ghuba ya Poole ili kuyafikia mafuta yaliyo chini ya bahari. Mwishowe mtambo ukasimamishwa nchi kavu, kisima kikainamishwa hadi kikalala, kikapitishwa chini ya ghuba. Wanaposimulia habari hii, watu huwasifu wahandisi walioliongoza bomba gizani, nao wanastahili. Mimi sifa zangu nazipeleka kwa watu wa matope.

Matope ya kuchorongea husukumwa ndani ya bomba hadi kwenye meno ya kekee, kisha hupanda kwa nje yakibeba mawe yaliyosagwa. Hupoza chuma, na kwa uzito wake huzuia gesi na vimiminika vya miambani visifumuke. Bomba likishalala kilomita kadhaa juu ya sakafu ya tundu, msuguano huwa mkubwa kiasi kwamba mtambo unaweza kushindwa kulizungusha. Hapo matope yenye asili ya mafuta huyashinda yale ya maji kwa mbali. Isitoshe, miamba ya mfinyanzi hunywa maji. Ikinywa huvimba, humomonyoka, hulibana bomba, na kazi ya wiki nyingi hupotea. Mafuta hayaigusi.

Basi kwa nini usijaze kisima mafuta matupu? Hapa ndipo ufundi unapoanza. Maji huongezwa makusudi, mara nyingi sehemu 20 kwa 80 za mafuta, nayo huwa yamekolezwa chumvi, kwa kawaida kloridi ya kalisi. Matone yake hushikamana kwa mbali na kuyapa matope mwili wa kubebea mawe. Chumvi nayo huyavuta maji. Utando unaozunguka kila tone hupitisha maji na kuizuia chumvi, kwa hiyo fundi akipima vizuri ukali wa chumvi hiyo, mfinyanzi hauongezewi hata tone. Akitaka, anaweza hata kuukausha kidogo. Sijui kazi nyingine ambayo mtu hutumia maji kuukinga mwamba na maji.

Mpishi wa pwani ataelewa upesi. Tui la nazi ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, ndiyo maana hukorogwa mfululizo jikoni lisikatike. Matope haya ni kinyume chake: maji yametawanyika ndani ya mafuta, na hukorogwa kwa pampu, kilomita kadhaa chini ya ardhi, penye joto linaloweza kuzidi la maji yachemkayo.

Kinachoyazuia yasikatike ni sabuni. Asidi za mafuta, ambazo nyingi hupatikana katika utomvu wa misonobari unaobaki viwandani wakati wa kutengeneza karatasi, huchanganywa na chokaa. Kila molekuli ya asidi ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Kalisi ya chokaa hushika molekuli mbili kwa mpigo, kwa hiyo sabuni inayotokea ina mikia miwili kwa kichwa kimoja. Umbo hilo, jembamba ndani na pana nje, hujipanga vizuri kuzunguka tone la maji. Sabuni ya sodiamu yenye mkia mmoja ingefanya kinyume, ikayazungushia mafuta maji. Uamuzi mkubwa namna hiyo hutegemea umbo la kitu kisichoonekana kwa macho!

Hata hivyo, sabuni huchelewesha tu. Kila tone linatamani kuungana na mwenzake, na kazi ya fundi ni kuahirisha muungano huo hadi kisima kikamilike. Ndiyo maana hupima kila zamu. Anayo faneli ya Marsh ya kupimia jinsi matope yanavyotiririka, iliyobuniwa mwaka 1931 na bado ipo kwenye kila mtambo. Anayo pia mita yenye ncha mbili zilizoachana milimita 1.55: huzizamisha katika matope na kupandisha volti hadi umeme upenye. Mafuta hayapitishi umeme, kwa hiyo volti ikishuka siku hadi siku, matone yanaelekea kukutana. Fundi mzuri huufuata mwelekeo huo kuliko namba yenyewe.

Na kabla ya mita, yapo macho. Matope yenye afya hung'aa. Yakianza kufifia na kuwa na chembechembe, maana yake baraiti, unga mzito unaotiwa ili kuongeza uzito, imelowa maji badala ya mafuta. Itajikusanya mabonge, itaziba nyavu za chekecheke, itazama chini ya tangi. Ujuzi huu wa kutazama mng'ao ndio ninaouheshimu kuliko yote, kwa sababu hufika saa kadhaa kabla ya taarifa ya maabara.

Ufundi huu uliwahi kuidhuru bahari. Katika Bahari ya Kaskazini, mawe yaliyolowa dizeli, iliyokuwa mafuta ya matope hayo, yalimwagwa yakarundikana chini ya majukwaa. Dizeli ikaachwa, yakaja mafuta yenye sumu kidogo, na mwaka 2000 nchi za mkataba wa OSPAR wa kulinda bahari zikapiga marufuku kumwaga mawe yenye mafuta ya aina hiyo yanayozidi asilimia 1 ya uzito. Zilifanya vyema, na ilipaswa kufanyika mapema zaidi.

Kwa kuwa ni ghali, matope haya hayatupwi kisima kikiisha. Hurudi tangini na vumbi la mwamba, chembe ndogo kuliko tundu za chekecheke yoyote, na kila chembe imejifunika kwa sehemu ya sabuni. Fundi huyazungusha kwa kasi katika sentrifuji, huongeza mafuta mapya na chokaa, hutia sabuni kidogo kidogo, kisha hufungia sampuli yake katika chombo cha chuma na kukibiringisha ndani ya oveni kwa saa 16, kwa joto la kisima kinachofuata. Akikifungua hutafuta kama kuna maji yaliyojitenga. Yasipokuwepo, hushika mita na kuanza kupima upya.