Kamba ya Mafundo: Namna Ziara Moja ya Kilwa Ilivyopangwa

Mara ya kwanza nilipokwenda Songo Mnara nilikaa katika mji ule dakika 40 tu. Waliotupeleka, ambao sina haja ya kuwataja, walikuwa wameipanga safari kwa saa ya mkononi pasipo kuutazama mwezi, nasi tukafika bahari ikiwa imekupwa, tukashushwa katika tope la mikoko lililotufika magotini, tukalivuka kwa zaidi ya saa nzima viatu tumevishika mkononi. Na tulipokuwa ndiyo kwanza tunajifuta ili tuanze kuyaangalia magofu, tukaitwa turejee chomboni, kwa kuwa siku imekwenda na upepo unapanda.

Mara ya pili, miaka michache baadaye, niliungana na msafara wa watu 9 chini ya kiongozi mzaliwa wa Kilwa Masoko, mtu wa makamo, mwenye sauti ndogo na desturi ya kunyamaza pale ambapo viongozi wengine huongeza maneno, tuliyekuwa tukimwita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya hii. Ziara ilikuwa ya siku 4. Kwa kuwa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na habari zake zimeandikwa na kuandikwa tena, sioni faida ya kuzikariri zote hapa. Ninalotaka kulichambua ni ufundi wa mpangilio, yaani kipi kilichoonyeshwa kabla ya kipi na kwa sababu gani, maana nimekwisha kuhakikisha kwa nafsi yangu kwamba mtu aweza kuonyeshwa vitu vilevile kwa ufuatano mwingine akarudi kwake hakuambulia kitu.

Aghalabu wageni wa Kilwa huvushwa kwanza kwenda Kisiwani, kwa kuwa mlango wa bahari baina yake na Masoko ni mwendo mfupi wa mashua, wakaonyeshwa ngome iitwayo Gereza, wakaonyeshwa Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, ndipo siku ya pili, macho yakiwa yameshiba, wakapelekwa Songo Mnara iliyo mbali zaidi upande wa kusini. Mwalimu aliupindua utaratibu huu. Siku ya kwanza, tukitoka Dar es Salaam, alitufikisha Kilwa Kivinje. Ya pili Songo Mnara. Ya tatu Kisiwani. Na ya nne akatupeleka bara, katika milima ya Umatumbi. Ukiitazama tarehe tu utadhani anasoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho, kwani Kivinje ni mji uliositawi katika karne ya 19, nyumba za Songo Mnara ni za karne ya 14 na ya 15, na sehemu kongwe ya Msikiti Mkuu yaurudia mwanzo wa karne ya 11 au ya 12. Lakini yeye hakupanga kwa tarehe, alipanga kwa vifaa: kwanza mahali ambapo mti na chokaa vingali vinaonekana ndani ya mwili wa nyumba, kisha mahali mti wenyewe unapoota, kisha mahali ambapo mti umekwisha kuoza na limebaki tundu lake ukutani.

Kivinje tulifika baada ya adhuhuri. Ni mji uliopata utajiri wake kwa misafara ya pembe na ya watumwa iliyoteremka kutoka pande za Ziwa Nyasa, na nyumba zake za mawe zinakufa polepole, nyingine bado zina watu upande mmoja na mpapai umeota upande wa pili. Mwalimu hakututajia mwenye nyumba wala mwaka wa kujengwa. Alitusimamisha chini ya dari iliyoporomoka nusu, boriti zimejitokeza nje, juu ya boriti mawe membamba, na juu ya mawe sakafu nene ya chokaa iliyoshindiliwa. Akatoa mfukoni kamba ya katani yenye fundo kila dhiraa moja, akamwomba kijana mmoja wetu apime boriti kutoka ukuta hadi ukuta. Ikatoka dhiraa 6 kasoro kidogo. "Hesabu hii iwekeni, jamaa zangu," akasema, akaikunja kamba yake, tukaenda kutafuta chai.

Siku ya pili ilikuwa ya 16 katika mwezi wa Kiislamu, siku ya bamvua, na hapo ndipo penye kiini cha ufundi wake. Katika mwambao wetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, yakawa yamekupwa kabisa kiasi cha saa 4 au saa 5 asubuhi, na tafauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ilhali siku za maji mafu bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, na saa zake hugeuka. Mpangaji asiyejali haya atasema kwamba bamvua ni siku mbaya ya kwenda Songo Mnara, kwa kuwa kupwa kwake hulaza chombo kwenye tope. Mwalimu aliichagua kwa sababu hiyohiyo. Tuliondoka Masoko saa 11 na nusu alfajiri, maji ndiyo kwanza yanaanza kupwa, tukafika saa 1 hori ingali na kina cha kutosha, boti likapenya baina ya mikoko hadi karibu na mahali pa kushukia. Na saa 3 ilipofika, boti lilikuwa limelala ubavu juu ya mchanga, na hapana awezaye kulisogeza mpaka saa 8 mchana. Kwa saa 5 hapakuwa na mtu wa kutuharakisha, wala miongoni mwetu hapakuwa na wa kuharakisha wenziwe, ijapokuwa bwana mmoja mwenye simu mbili alijaribu.

Lakini kabla ya kushuka alimwambia nahodha azime mashine ndani ya mikoko, akatuonyesha mti uliosimama wima juu ya mizizi yake, akasema kwamba miti ya namna hii ndiyo iliyotoa boriti, na kwamba mti wenyewe huenda ukawa mrefu zaidi ya tulivyopima jana, ila ukiutandaza mrefu kupita kiasi utapinda chini ya uzito wa mawe na chokaa. Jambo hili si la Kilwa peke yake. Boriti za mikoko, hasa za delta ya Rufiji, zilisafirishwa kwa majahazi kwa karne nyingi hadi Bara Arabu na Ghuba, pasipo na miti ya kujengea, na nyumba za kale za huko zina vyumba vyembamba kama vyetu, kwa kuwa fundi wa huko naye alitawaliwa na urefu wa mti uliokatwa huku.

Basi tulipoingia mjini, penye masalio ya nyumba 33 na misikiti 5 ndani ya ukuta wa mji, watu hawakuuliza swali ambalo mimi mara ya kwanza niliuliza kama mjinga, kwamba matajiri hawa mbona waliishi katika vyumba virefu na vyembamba mithili ya ushoroba. Mama mmoja wa Tanga, aliyekuwa hajanena neno tangu asubuhi, alisimama mlangoni mwa chumba cha kwanza, akakitazama, akasema, "Sita." Kamba ikanyoshwa. Ikawa sita. Juu kidogo ya macho yetu matundu ya boriti yalikuwa yamejipanga ukutani, moja lina kiota cha ndege. Tangu hapo msafara haukuwa tena wa watu wanaoelezwa. Kila mtu alikuwa akikisia na kupima, na Mwalimu akawa anafuata nyuma.

Bahari ilipokupwa kabisa alitutoa nje hadi ukingoni mwa miamba, akatuonyesha kwa kidole tu, asiruhusu mtu kugusa, matumbawe yaliyo hai chini ya maji kidogo, akaeleza kwamba kuta zimejengwa kwa jiwe gumu la matumbawe ya nchi kavu, ila fremu za milango, vibla na mapambo vilichongwa kwa tumbawe lililotolewa baharini, ambalo likiwa bichi huchongeka kwa urahisi, na likikauka huwa gumu. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya tanuu la kuni. Ukuta, nakshi na chokaa vyote vimetoka ndani ya mwendo wa nusu saa kutoka pale tuliposimama.

Ndipo, tukiwa tumekaa kivulini tukila wali na samaki, maji yamekwenda mbali na boti letu limelala, akatusimulia habari iliyomo katika tarihi ya Kilwa, ile iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na ambayo Mreno João de Barros aliichapisha kwa namna yake mwaka 1552: kwamba Ali bin Hasan wa Shirazi alikinunua kisiwa kwa mwenyeji wake kwa nguo zilizotosha kukizunguka, na kwamba zamani hizo maji yakipwa watu waliweza kuvuka kwa miguu baina ya kisiwa na bara, hata mnunuzi akachimba mlango ili muuzaji asirudi na majeshi yake. Aliisimulia kama hadithi, na akasema ni hadithi. Nimeisikia habari hiyo mara nyingi, ikisemwa juu ya jukwaa na ndani ya basi, wala sijaona ikisikilizwa kama siku ile, kwa kuwa mkondo tulioupita asubuhi kwa mashine ulikuwa sasa unavukwa na watoto wawili na ndoo ya chaza.

Siku ya tatu nitaipita upesi mahali ambapo Mwalimu mwenyewe alipita upesi. Gereza alilitolea dakika chache: Wareno waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512, na jengo tulionalo leo ni la zama za Waomani. Jumba la Makutani vilevile. Alizihifadhi nguvu zetu kwa Msikiti Mkuu, na humo akaanza na ukumbi wa kaskazini, ulio mkongwe, ambao dari yake ilikuwa bapa juu ya nguzo za miti, tukapima, na mafundo yakawa yaleyale. Kisha akatuingiza katika nyongeza ya Sultani Hasan bin Sulaiman ya mwanzo wa karne ya 14, penye safu za nguzo na kuba, na katika chumba cha pembeni kilichofunikwa kuba kubwa akampa kijana kamba bila ya kusema kitu. Kijana akahesabu hadi sita, akainua macho, akaendelea kutembea. Hapo kila mmoja wetu akafahamu kuba ni nini: ni namna ya kutoka katika utumwa wa boriti, kwa kuacha mti na kulibebesha jiwe uzito wake lenyewe. Na jambo hilo lilikuwa na gharama. Nguzo za kwanza, zilizochongwa kila moja kwa jiwe zima la tumbawe, hazikustahimili. Sehemu kubwa iliporomoka, na katika karne ya 15 ikajengwa upya kwa nguzo za pembe nane zilizorundikwa kwa mawe na chokaa, nene zaidi, na, kwa jicho langu, si nzuri kama tunavyoweza kuzidhania zile zilizotangulia. Fedha za kujaribia mambo kama haya zilitoka katika dhahabu ya Sofala, na sarafu ya shaba ya Sultani huyu imepatikana hata Zimbabwe Kuu.

Husuni Kubwa, kasri la Sultani huyohuyo, watu hufikishwa kwa njia ya miguu kutoka kijijini, wakaingilia nyuma, kwenye uwanja wa maghala, na hivyo ndivyo nilivyoingizwa mara ya kwanza. Mwalimu alingoja maji. Saa 10 na nusu alasiri, bahari ikiwa imepanda, tulizunguka kwa boti chini ya jabali, tukashuka penye ngazi za kale zinazopanda kutoka ufukweni, tukaingia kama walivyoingia wafanyabiashara wa siku zile, chini ya nyumba yenye vyumba zaidi ya mia inayowatazama kutoka juu. Birika la kuogea lenye pembe nane tulilikuta mwishoni, lina majani makavu na kenge mmoja aliyekasirika. Kasri halikukamilika kujengwa, na Neville Chittick aliyelichimbua katika miaka ya 1960 alikuta humo jiwe lenye maandishi ya Kiarabu yanayomtaja Sultani kwa lakabu yake, al-Malik al-Mansur. Mwalimu alitaja haya kwa sentensi mbili, akakaa ngazini, nasi tukakaa.

Ila siku ya nne haikupangika. Tulipelekwa kwa gari mwendo mrefu hadi Umatumbi, tukaona pango la Nang'oma, kubwa la kutisha, lenye popo wasiohesabika, ambamo watu walijificha wakati wa vita vya Majimaji. Tukaelezwa kwamba karibu na hapo, Nandete, mwezi wa Julai mwaka 1905, watu waling'oa pamba ya serikali ya Kijerumani na vita vikaanza. Yote ni kweli na yote ni makubwa, lakini yalikuja baada ya sisi kuzama siku mbili katika karne ya 14, na mwembe wa Kivinje unaokumbukwa kwa walionyongwa na Wajerumani, ambao tuliupita siku ya kwanza tukiwa na njaa, ulikuwa umekwisha kututoka akilini. Kamba haikuwa na kazi pangoni, ilibaki mfukoni.

Jioni nilimweleza Mwalimu kwamba Umatumbi ungefaa kuifuata Kivinje, kisha ndipo twende visiwani. "Nalijua hilo, bwana," akanijibu, "lakini bamvua lingetupita." Nikamwambia kwamba bamvua lisingetupita kama tungeondoka Dar es Salaam tarehe 14 ya mwezi badala ya tarehe 15. Akacheka. Tarehe 14, akasema, gari lilikuwa gereji.